Uganga Usioomba Dadu

Jumapili moja jioni nilizima mwenge nikawapofusha wenzangu. Tulikuwa wanne ndani ya pango, kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons, na goblini watano walikuwa wanatunyatia. Mhusika wangu ni druidi, yaani kuhani wa misitu, na miongoni mwa mambo machache anayoyaweza bila kuchoka ni kuwasha au kuzima moto mdogo kwa kunong'ona. Nikasema, kwa majivuno ya mtu anayedhani ameona ujanja ambao wenzake hawajauona: "Nazima mwenge wao." Msimulizi wetu akaniangalia. "Wao hawana mwenge. Mwenge ni mmoja, ameushika mwenzako." Basi nazima huo huo, nikasema, tupambane gizani. Akatabasamu. Msimulizi akitabasamu namna ile, mwenye akili hurudisha maneno kinywani. Mimi sikurudisha.

Goblini huona gizani hadi futi 60, kama mita 18. Mhusika wangu naye huona, kwa kuwa ni elfi. Lakini wenzangu wawili walikuwa binadamu na wa tatu ni halflingi, na hao giza likiingia ni vipofu kama wewe na mimi umeme ukikatika. Anayempiga adui ambaye yeye hamwoni hurusha dadu mbili na kulazimika kuchukua iliyo ndogo. Anayempiga adui asiyeweza kumwona yeye hurusha mbili na kuchukua iliyo kubwa. Wenzangu wakawa wanakata hewa, goblini wakawa wanachagua mahali pa kuchoma. Tulitoka pangoni watatu kwa miguu na mmoja mgongoni, na chai ya jioni ile niliinywa kimya.

Sasa angalia kilichotokea. Uganga wangu haukushindwa. Sikurusha dadu, goblini hawakurusha dadu, mwenge ulizimika pale pale kama nilivyotaka. Kilichoshindwa ni kichwa changu. Na hapo ndipo ilipo nguvu ya uganga mdogo ambayo wachezaji wengi, hasa wageni, wanaipita wakikimbilia mipira ya moto.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni wa mezani, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja ni msimulizi, anayeushika ulimwengu mzima mikononi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Jambo likiwa na shaka, linaamuliwa na dadu ya pande 20. Kupanda ukuta, dadu. Kumdanganya bawabu, dadu. Kurusha mshale, dadu. Mhusika mchanga, kwenye jambo la ugumu wa kati, mara nyingi huhitaji 13 au zaidi, maana yake nafasi 8 katika 20. Akijaribu mara kumi, sita anaaibika.

Naandika uganga, siandiki uchawi, na si kwa bahati mbaya. Kwetu mganga anaweza kuweka kibao barabarani. Mchawi hana kibao. Druidi wa mchezo huu anaomba miti na wanyama wamsaidie, kwa hiyo mezani petu tulishakubaliana kwamba yeye ni mganga, na neno lile jingine tumewaachia wanaotoka chuoni na vitabu vizito kwapani.

Uganga mdogo kabisa wa druidi kwenye toleo la tano, la mwaka 2014, unaitwa Druidcraft. Maelezo yake hayajazi hata nusu ukurasa. Unafika futi 30, kama mita 9, na unaweza mambo manne. Unaonyesha hali ya hewa itakayokuwa mahali ulipo kwa saa 24 zijazo: tufe la dhahabu kama kutakuwa na jua, kijiwingu kama mvua, chembe za theluji zinazoanguka kama theluji. Unachanua ua, unapasua ganda la mbegu au kufungua chipukizi la jani papo hapo. Unaleta dalili ndogo isiyodhuru, kama majani yanayodondoka, upepo kidogo, sauti ya mnyama mdogo, au harufu hafifu ya mnyama mmoja wa Amerika ambaye wasomaji wetu mfikirie tu kicheche. Na unawasha au kuzima mshumaa, mwenge au moto mdogo wa kambini. Basi. Unaweza kuufanya kutwa nzima bila kupungukiwa na chochote, na katika hayo manne hakuna hata moja lenye dadu.

Hilo la kufanya bila kikomo ni jipya kuliko vijana wanavyodhani. Druidi alipoingia kama mhusika wa kuchezwa, mwaka 1976, na katika kitabu cha wachezaji cha 1978, kutabiri hali ya hewa kulikuwa uganga kamili wa daraja la kwanza. Ulichagua asubuhi, ukiutumia umeisha, na nafasi ile ungeweza kuitumia kuwanasa maadui kwa magugu. Sidhani kama walikuwa wengi waliochagua mawingu. Leo unayapata bure, na bado watu hawayaulizi.

Ushauri wangu wa kwanza unatokana na pango lile: kwa kuwa dadu haitakuokoa wala kukuangusha, fanya kazi ya kufikiri kabla hujafungua mdomo. Jiulize nani anahitaji mwanga hapa. Siyo nani anao, nani anauhitaji. Goblini, oki na kibete wanaona gizani. Binadamu haoni. Kwa hiyo kuzima mwenge ni silaha kali kwenye lango la mji linalolindwa na askari binadamu, na ni upuuzi ndani ya pango la goblini. Kuuwasha nako ni vivyo hivyo. Mwenge humulika vizuri futi 20 na kwa mwanga hafifu futi 20 zaidi. Anayekaa gizani akakuwashia mwenge wako uliolala chini amekuweka jukwaani.

Chukua lango hilo la mji, maana nimelipitia mara nyingi. Askari amesimama na mwenge. Kanuni zinasema huwezi kujificha kwa mtu anayekuona waziwazi, hivyo mwenge ukiwaka hata dadu huitwi kurusha: umeonekana, yamekwisha. Mwenge ukizimika, sasa ndiyo dadu yako ya kunyata ina kazi. Uganga haukukuvusha, umekupa haki ya kujaribu. Ila usiuzime mara moja. Zamu moja ni kama sekunde sita. Tumia ya kwanza kumpulizia upepo kidogo usoni na majani mawili matatu yamdondokee begani. Ya pili ndiyo uzime. Askari aliyehisi upepo hashangai mwenge kuzimika, anatukana upepo na kutafuta kiberiti chake cha jiwe na chuma. Kuwasha mwenge kutamchukua zamu moja. Unaweza kuuzima tena, lakini msimulizi mwenye akili atampa askari akili: mara ya pili atakuwa amekwishaita mwenzake.

Na soma kilichoandikwa, neno kwa neno. Mshumaa, mwenge, moto mdogo wa kambini. Kandili iliyofunikwa kioo haimo. Mimi naona haizimiki, kwa sababu kama waandishi wangetaka kila moto wangesema kila moto; rafiki yangu mmoja anaona utambi ni utambi. Hatujaelewana mpaka leo, na haidhuru, mradi jambo hilo mliamue kabla ya mchezo na si wakati mlinzi ameshika kandili na mkuki.

Jambo jingine ambalo wachezaji hulisahau kwa makusudi: Druidcraft unahitaji sauti na ishara ya mkono. Si uganga wa kimoyomoyo. Ukiwa nyuma ya pipa hatua tatu kutoka kwa mlinzi, ukianza kuwaita mizimu ya msituni, kuna uwezekano atageuka. Toleo la 2014 halitoi kipimo cha sauti hiyo inasikika umbali gani, kwa hiyo ni shauri la msimulizi. Tumia urefu wa zile futi 30. Kaa mbali, nong'ona, acha panya alie pembeni mwa chumba na si mdomoni mwako.

Hali ya hewa ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa. Sababu ya kwanza haina uhusiano na mvua: wasimulizi wengi hawajaamua hali ya hewa. Ukiuliza kila asubuhi, "kuna nini juu ya kiganja changu?", unamlazimisha aamue, na akishasema mvua, mvua ni ukweli kwa wote, wakiwemo maadui. Mvua kubwa huzima moto ulio wazi, na humfanya anayechungulia au kutega sikio arushe dadu mbili achukue ndogo. Upepo mkali huharibu mishale. Kwa hiyo swali la asubuhi ni swali la vita. Tuliwahi kukaa siku tatu kwenye nyumba ya wageni, tukigharamia malazi kwa shingo upande, tukisubiri kiganja kionyeshe kijiwingu, ndipo tukaingia ghala la mfanyabiashara fulani. Wenzangu walinung'unika siku zote tatu. Usiku wa nne mienge ya uani ilikuwa imezimika yenyewe, walinzi wamejikunyata chini ya paa, na mbwa hawatoki.

Ila utabiri ni wa mahali ulipo. Haukwambii juu ya mlima unaokwenda. Msafara wa mwendo wa kawaida hutembea maili 24 kwa siku, kama kilomita 39, na jioni utakuwa chini ya mbingu nyingine. Uliza tena mkishafika, ni bure. Tena ni biashara: wavuvi, wakulima na manahodha wa mji wowote watamkarimu mtu anayejua kesho kukoje na hajakosea wiki nzima. Msafara wetu umekula samaki wengi kwa njia hiyo.

Kuhusu maua sina mengi ya kusema. Chipukizi moja lililochanuka nje ya msimu, kwenye kila njia panda, ni alama ambayo mwenzako atakayepita nyuma ataitambua na anayewawinda hataitilia maanani. Na ua likifunguka unautambua mmea ambao ukiwa na majani matupu ungebaki kubahatisha kama ni dawa au sumu. Usitegemee kuotesha shamba. Ni ua moja.

Ukitaka kuona uganga mdogo ukifanya kazi ya mikono, tazama ule wa udongo, Mold Earth, uliochapishwa 2015 na kurudiwa kitabuni 2017. Kwa zamu moja unachimba mchemraba wa futi tano kila upande na kuumwaga hadi futi tano pembeni, mradi udongo uwe tifutifu. Watu husoma hapo wakafikiria kaburi au shimo la kumwangushia mtu. Mimi nikachukua karatasi ya miraba. Kambi ya futi 20 kwa 20 ni miraba minne kwa minne. Ukiizungushia handaki la upana wa futi tano unapata miraba sita kwa sita, 36, toa 16 ya kambi, inabaki 20. Zamu 20 za sekunde sita ni dakika mbili. Dakika mbili tu, na mmelala nyuma ya handaki la kina cha mita moja na nusu na tuta la udongo upande wa ndani, kazi ambayo vibarua kumi na majembe wangeimaliza kesho yake wakidai posho. Mara ya kwanza nilipomwonyesha msimulizi hesabu hiyo aliikagua mara mbili, akakuna kichwa, halafu akauliza: "Udongo wa hapa ni tifutifu kweli?" Ana haki. Kwenye mfinyanzi mkavu au mwamba usimdai.

Wa maji, Shape Water, ni ndugu yake, nao hauhitaji sauti, ishara tu. Unashika maji ya mchemraba ule ule wa futi tano, kama lita 3,500, unayasogeza, unayabadilisha rangi yasipenyeke kwa jicho, au unayagandisha kwa saa moja iwapo hamna kiumbe ndani yake. Kijito kikiwa chembamba umejenga daraja. Mzigo wa magendo ukiuweka ndani ya birika la farasi na kuyafanya maji kuwa meusi, forodha watapita. Lakini kuna mzozo mmoja wa kudumu: kumwaga maji ndani ya kufuli na kuyagandisha ili lipasuke. Ni kweli barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji, kwa takriban asilimia 9. Ni kweli pia kwamba kanuni hazisemi kufuli litapasuka, na maji ndani ya kufuli yana mlango wa kutokea, ni ule ule wa ufunguo. Mimi nikiwa msimulizi sikubali lipasuke. Nakubali likwame, hata mwenye ufunguo asiweze kulifungua kwa saa moja, na mara nyingi hilo ndilo lenye manufaa zaidi: mlango ambao wanaokufukuza wangeupitia hautafunguka.

Hapo tunafika kwenye tabia inayotofautisha mchezaji mzuri wa uganga mdogo na msumbufu. Mwambie msimulizi lengo lako, siyo tendo lako tu. Ukisema "naleta harufu ya kicheche kwenye ngazi", atasema sawa, inanuka, na utabaki unamtazama. Sema: "Nataka mbwa wao akatae kupanda ngazi hizo, naleta harufu ya kicheche." Sasa ana la kuamua, na akiita dadu, itakuwa dadu ya mbwa. Wale wanaoficha lengo ili wamshtukize msimulizi mwishoni kwa ushindi huishia kubishana saa nzima, na nimewahi kuwa mmoja wao.

Msimulizi nawe, kama unasoma: yaliyoandikwa mpe mchezaji bila dadu. Mshumaa ukiwa ndani ya futi 30 umezimika, usimwambie arushe "tuone". Ukifanya hivyo umemnyang'anya kitu pekee ambacho uganga wake unacho. Kwa upande mwingine, usiukuze. Upepo kidogo haumwangushi mtu darini. Na weka ulimwenguni mwako vitu vya kushikwa: mishumaa, visima, udongo, matumba ya maua, mbuzi. Druidi kwenye jumba la mawe matupu lenye taa za kimiujiza ni kama mvuvi aliyealikwa jangwani.

Kuhusu kuchagua, nitasema ukweli usiopendeza. Druidi wa daraja la kwanza anapewa nafasi mbili tu za uganga wa aina hii. Kama mezani kwenu kila kikao ni mapigano matatu na kugawana dhahabu, acha Druidcraft; chukua Guidance, unaomwongezea mwenzako dadu ya pande nne katika jaribio lake, na Thorn Whip, mjeledi wa miiba unaomvuta adui hadi futi 10. Utajuta ukifanya vinginevyo. Kama msimulizi wenu anapenda miji, safari na majumba ya watu, nafasi moja iwe Druidcraft na nyingine ya kujitetea. Wa maji na wa udongo mwachie mwenzenu msomi wa vitabu, kwa kuwa naye anaruhusiwa. Katika marekebisho ya 2024, elfi wa msituni huzaliwa na Druidcraft hata akiwa mpiga upanga, kwa hiyo msafara unaweza kuwa nao bila druidi. Na kwa asiye na pesa za vitabu, ambavyo kwetu bei yake inaumiza, kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa huru mwaka 2023 na mtu yeyote anaweza kuzipata bure mtandaoni, Druidcraft umo. Wa maji na wa udongo haumo.

Ukipanda ngazi kidogo, kwenye uganga wa daraja la kwanza, mtindo ni ule ule. Goodberry unatoa matunda kumi, kila moja linarudisha pointi moja ya uhai na kumshibisha mtu siku nzima, na nguvu yake hudumu saa 24. Kama usiku umebakiwa na nafasi ya uganga ya siku hiyo ambayo hukuitumia, itumie kabla ya kulala. Utaamka nafasi zako zimejaa na matunda kumi mfukoni.

Kisha kuna kuzungumza na wanyama. Ukikubali kuongeza dakika kumi za matayarisho haukugharimu nafasi, na kuongea kwenyewe ni dakika kumi. Mnyama anaweza kukueleza alichokiona au kukisikia karibu naye katika siku iliyopita, kwa kadiri ya akili yake, na hapo wengi wanakwama kwa sababu wanamhoji mnyama kama karani. Mimi nilimkuta mbuzi amefungwa nje ya ngome nikamuuliza ni askari wangapi wamepita. "Wengi," akasema mbuzi, kwa sauti ya msimulizi wetu akiwa na andazi mdomoni. Wamevaaje? "Hawaliki." Mezani wakacheka, nikakaribia kukata tamaa, zikiwa zimebaki dakika nne. Ndipo nikamuuliza swali la mbuzi: majani ya hapa, yapi huyali, na kwa nini? Akasema yale ya nyuma ya ukuta, marefu, mabichi, lakini yana harufu mbaya ya yale maji mazito ambayo mtu mnene huja nayo usiku, akayapaka kwenye ukuta, na ukuta ukanyamaza.

Tulikwenda nyuma. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, hayajaguswa, na katikati yake, kwenye mawe, palikuwa na bawaba mbili zilizopakwa mafuta.